Kioo Kinapokuwa Cheusi: Istilahi na Ubainishaji wa Hitilafu za Maonyesho katika Kompyuta Mpakato za Linux

Mjadala kuhusu majina ya kifaa hiki ni wa muda mrefu: wako wanaokiita kipakatalishi na wako wanaokiita kompyuta mpakato. Lililojadiliwa kidogo ni namna ya kukieleza kinapoharibika. Makala hii inafafanua hatua za kubainisha hitilafu za maonyesho katika kompyuta mpakato inayotumia Linux, na inadai kwamba istilahi bainifu ni sehemu ya utatuzi wenyewe.

Mtumiaji anaposema "kioo ni cheusi", kauli hiyo hubeba angalau hitilafu nne. Ya kwanza ni ya kioo chenyewe au taa yake ya nyuma. Ya pili ni ya kadi ya michoro inayotengeneza picha. Ya tatu ni ya kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kiini cha Linux kuiamuru kadi hiyo. Ya nne ni ya programu ya maonyesho inayoratibu madirisha: ama X, iliyoanzia MIT mwaka 1984, ama Wayland, iliyoanza mwaka 2008. Fundi asiyetenganisha tabaka hizi huishia kufuta diski na kusakinisha mfumo upya. Data za utafiti zisizo na nakala hupotea kwa kosa ambalo halikuwa la diski.

Hatua ya kwanza ni kutazama giza linaanza lini. Nembo ya mtengenezaji ikionekana mashine inapowashwa, kioo na taa yake ni vizima. Isipoonekana, kioo humulikwa tochi kwa mshazari. Picha hafifu ikijitokeza, taa ya nyuma ndiyo iliyokufa.

Ikiwa giza hufuata baada ya nembo, vibonye Ctrl, Alt na F3 hubonyezwa kwa pamoja. Ukurasa wa maandishi ukifunguka, kiini kingali hai na shaka huelekea kwenye programu ya maonyesho au mipangilio yake. Usipofunguka, mashine huwashwa upya na neno nomodeset huongezwa kwenye mstari wa amri wa kiini. Neno hilo hukizuia kiini kupanga hali ya maonyesho kupitia kiendeshi cha kadi. Picha ikirudi, mtuhumiwa ni kiendeshi. Hata hivyo, hiki ni kipimo tu wala si tiba, kwa kuwa kasi ya michoro hupungua.

Hatua ya tatu ni ushahidi wa maandishi. Amri lspci -k huonyesha kila kadi na kiendeshi kinachoitumia. Kompyuta mpakato nyingi zina kadi mbili, mathalani ya Intel na ya NVIDIA. Hii ya pili huweza kuendeshwa na nouveau, ambacho ni kiendeshi huria, au na kiendeshi cha kampuni. Hicho cha kampuni huweza kukataliwa na Secure Boot iwapo hakijatiwa sahihi inayotambulika, au kushindwa kwa kutolingana na kiini kilichosasishwa. Kuwasha mashine kwa kiini cha awali huthibitisha sababu hiyo ya mwisho.

Jumbe za kiini zinazotoa ushahidi huo ni za Kiingereza. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba programu huria huweza kuzungumza Kiswahili. Lakini tafsiri ya menyu haimsaidii mtu ambaye menyu yenyewe haionekani.

Kwa hiyo, vyombo vya lugha vya nchi jirani, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, havina budi kusanifisha majina ya hali pamoja na majina ya vifaa. Kiswahili tayari kinatofautisha mashine isiyowaka na inayowaka bila picha, picha inayocheza na iliyoganda. Tofauti hizo zikiingia katika fomu za matengenezo na mitaala ya ufundi, kauli moja ya mtumiaji itamwelekeza fundi kwenye tabaka sahihi kabla hajaigusa diski.