Si Kila Hindi la Njano Lina Vitamini A

Mashamba ya Ilongero, mkoani Singida, yana mtama, uwele na alizeti kwa wingi. Mahindi nayo yapo, na karibu yote ni meupe. Weupe huo una gharama. Punje nyeupe haina karotini ya kutajika, ilhali mtoto asiyepata maini, maziwa wala mayai ya kutosha hutegemea karotini ya mimea ili mwili wake utengeneze vitamini A. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini hiyo.

Basi tule ya njano? Wazee watakucheka. Wanaukumbuka unga wa njano wa miaka ya njaa, walioubatiza “yanga” kwa rangi ya Yanga, klabu ya soka ya Jangwani, na hawautamani. Sayansi nayo inawaunga mkono kidogo. Njano ya mahindi ya kawaida hutokana zaidi na luteini na zeaksanthini; zote zinafaa macho, lakini hazigeuki kuwa vitamini A. Inayogeuka vizuri ni beta-karotini. Mahindi ya njano ya kawaida mara nyingi hayafikishi mikrogramu 2 za karotini za aina hiyo kwa gramu, na lengo la watafiti ni 15.

Mkosaji ni jeni iitwayo crtRB1, inayoichukua beta-karotini na kuigeuza zeaksanthini. Mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba baadhi ya mahindi yana nakala yake iliyo zembe, na ikizembea, beta-karotini inabaki ndani ya punje. Kwa hiyo mtafiti wa mbegu anautafuta uzembe huo. Macho hayamsaidii, maana rangi hudanganya. Anakata kipande cha jani la mche, anapima DNA, anachagua, kisha anachanganya na mbegu za Kiafrika zinazohimili ukame na magonjwa. Zambia ilitoa chotara zake za kwanza za namna hiyo, za rangi ya chungwa, mwaka 2012. Tanzania ikafuata mwaka 2016 kwa Meru VAH517 na Meru VAH519 za kampuni ya Meru Agro.

Kwa Ilongero naona kikwazo kikubwa kuliko ladha ni upepo. Uzembe ule hujitokeza vizuri pale tu punje inapoupata kwa mama na kwa baba. Chavua ya mahindi meupe ya jirani ikitua kwenye ndevu za hindi la chungwa, punje hupauka na beta-karotini hushuka msimu uleule. Kupishanisha tarehe za kupanda ni vigumu penye mvua chache za msimu mmoja.

Mafuta si tatizo: karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta, na Singida ina alizeti. Kuhifadhi ndiko kwenye hasara, kwani karotini hupotea ghalani, na kwenye unga hupotea upesi zaidi.

Ukiipata mbegu hii, kubaliana na jirani naye apande hiyo hiyo, ya chakula vuna katikati ya shamba, saga kidogo kidogo, na kwa kuwa ni chotara, msimu ujao nunua mbegu mpya.