Masomo ya bure: mwandishi wa habari aseme ni shule gani

Tangu Septemba 2019, serikali ya Kongo ilianzisha masomo ya bure katika shule za msingi za serikali. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, ilikuwa imeshaagiza hivyo. Lakini shule ya watoto wadogo, ile watu wanaita maternele, haimo. Inapokea watoto wa miaka 3 hadi 5, na kwa kawaida wazazi wanalipa.

Hapo kazi ya mwandishi wa habari inakuwa nzito. Akisema kwa radio "shule ni bure" na kunyamaza, mama mwenye mtoto wa miaka 4 anamvalisha, anampeleka, na kufika mulangoni anaombwa pesa. Anarudi nyumbani akifikiri mkubwa wa shule ni mwizi, ao radio inadanganya.

Ndiyo maana, mbele ya kutangaza, anapashwa kuuliza: shule ni ya serikali ao ya mtu binafsi? Pesa ni ya nini: mushahara wa mwalimu, uji, ao vitabu? Nani aliweka bei?

Kisha aingie darasani. Watoto wanaimba, wanacheza, wanahesabu vijiti, ao wanakaa tu kunakili herufi? Kwa umri huo, muchezo ndio somo. Na sauti ya mtoto asiirekodi bila ruhusa ya mzazi.

Mzazi naye, akilipa, aombe risiti. Bila karatasi, hata radio itakosa namna ya kumsaidia.