Mzazi na Skuli Wasipoelewana

Tarehe 23 Septemba, 1964, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote. Tamko lile halikumbagua mtoto asiyeona, asiyesikia, wala yule anayechelewa kufahamu. Lakini kuandikishwa skuli ni jambo moja, na kusomeshwa ni jambo jingine.

Mtoto asiyesikia akiketi mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama, huhesabiwa kuwa yumo darasani, kumbe hasomi. Mzazi wake akenda kulalamika, huenda akaambiwa mwalimu hakuna, vifaa hakuna, asubiri. Basi mzazi hurudi na manung'uniko, na mwalimu mkuu hubebeshwa lawama isiyokuwa yake peke yake.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 24 kinataka mwanafunzi apatiwe msaada unaolingana na mahitaji yake. Kwa hiyo mzazi haombi hisani. Anadai haki ya mwanawe.

Hata hivyo, haki isiyokuwa na njia ya kudaiwa haimfai mwenyewe. Huko Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1975 na kurekebishwa baadaye, mtoto mwenye mahitaji maalum huandikiwa mpango wake wa masomo, na mzazi ni mmoja wa wanaoupanga. Wakihitilafiana na skuli, wanaweza kwenda kwa msuluhishi asiyeegemea upande. Mzazi aweza pia kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya jimbo, ambayo kwa kawaida hutakiwa kutoa uamuzi katika siku 60. Ikifika kwenye shauri, msikilizaji hawi mtumishi wa skuli inayolalamikiwa. Lakini mashauri hayo yana gharama, na mnyonge huelemewa.

Sisi hatuna haja ya kuiga mashauri ya gharama. Visiwani tunayo desturi ya kukaa kikao na kusikilizana. Kinachotakiwa ni madai yaandikwe, makubaliano yatiwe saini na kuwekewa tarehe, na wakishindwa kuelewana mzazi ajue aende afisi gani na atajibiwa lini, na mtu asiyehusika na ugomvi ule.

Tunaiomba Wizara inayohusika iibandike njia hiyo katika kila skuli, Unguja na Pemba. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mwaka wa masomo ukimpita mtoto, hakuna jalada litakaloweza kumrudishia.