Kwa Nini Laptopu Kuukuu Haioni Mtandao wa Simu Mpya

Mji wa Lwakhakha umekaa pembezoni mwa Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, na mto wenye jina la mji huo ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Huku Wabukusu, ng'ambo Wagisu, na wakizungumza kila mmoja lugha yake wanasikilizana. Mawimbi ya redio nayo hayasimami darajani. Simu iliyo ukingo mmoja hunasa mnara wa ukingo wa pili, na Januari 2021, serikali ya Uganda ilipozima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, minara ya upande wa Kenya iliendelea kufanya kazi.

Katika miji ya namna hii, intaneti ya nyumbani ni simu. Mtu hununua bando, hufungua hotispoti, na kompyuta hujishikiza hapo. Aliyemaliza Kidato cha Nne huomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, mzazi hujaza fomu za ushuru za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, mwenye biashara huingia eCitizen kutafuta kibali. Na laptopu yenyewe mara nyingi ni ya mtumba, zile ambazo wauzaji wa Bungoma na Kitale huziita ex-UK, yaani zilizotumika kwanza Uingereza.

Basi hotispoti inafunguliwa. Simu zote chumbani zinaiona, laptopu haiioni. Au inaiona, inapewa neno la siri lililo sahihi, inakataa. Au inaunganishwa vizuri lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mwenye mashine huambiwa kwamba imekufa, atafute nyingine. Hukumu hiyo hutolewa haraka mno, na mara nyingi si ya haki. Kadi ya waifai iliyo ndani ya mashine bado inatuma na kupokea mawimbi kama siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni masharti ya vifaa vipya kuhusu masafa, chaneli, kufuli na tarehe. Kila sharti lina mwaka lilipoanza, na anayejua umri wa mashine yake anaweza kukisia mazungumzo yalipokatikia.

Kuna jambo moja la kuondoa njiani kwanza. Laptopu nyingi za kabla ya 2012 hivi zina swichi ndogo ya waifai ubavuni au mbele, chini ya mahali mikono inapopumzika. Nyingine huwashwa kwa kubonyeza Fn pamoja na kitufe kimoja cha safu ya juu chenye alama ya mnara. Swichi husukumwa na mkoba bila mtu kujua. Iangalie kabla ya lolote lingine.

Wengi hupotelea kwenye masafa. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu mawasiliano bila leseni katika vipande vitatu vya masafa vilivyokuwa vimeachiwa mitambo ya viwanda, ya hospitali na majiko ya maikrowevu. Kimojawapo ni cha megahezi 2,400 hadi 2,483.5, na humo ndimo waifai ilimozaliwa. Kiwango cha kwanza, 802.11, kilitoka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 vikafuata viwili kwa pamoja: 802.11b, iliyobaki kwenye gigahezi 2.4, na 802.11a, iliyohamia gigahezi 5. Vifaa vya b vilikuwa nafuu zaidi, vikashinda sokoni. Mwaka 2003 ikaja g, yenye megabiti 54 palepale kwenye 2.4, na mwaka huohuo Intel ikaanza kuuza Centrino, iliyofanya waifai iwe kitu cha kawaida ndani ya laptopu. Kiwango cha n kilikamilishwa 2009. Cha ac, cha 2013, ni cha gigahezi 5 peke yake.

Herufi hizo zimeandikwa kwenye kadi, na zinasema mengi. Intel 2200BG, iliyojaa kwenye laptopu za katikati ya miaka ya 2000, ina b na g tu: haina namna ya kusikia gigahezi 5. Ndugu yake 3945ABG ya 2006 ina a, kwa hiyo inasikia pande zote mbili. Kadi iliyoandikwa b/g/n kwa kawaida inaishia 2.4.

Sasa tazama simu. Kuanzia iPhone 12 ya 2020, hotispoti ya iPhone hurusha kwenye gigahezi 5 mpaka mwenyewe awashe chaguo la upatanifu kwenye ukurasa uleule wa hotispoti. Simu nyingi za Android pia huweka gigahezi 5 mbele, au humwachia mtumiaji achague mahali palipoandikwa AP band. Kuna sababu njema: kule juu kuna nafasi pana na msongamano mdogo. Lakini kwa laptopu yenye 2200BG, simu hiyo haipo kabisa chumbani. Mwenye mashine akirudisha hotispoti kwenye 2.4, jina la mtandao hujitokeza papo hapo, na shida iliyoitwa kifo cha mashine inakwisha bila kutumia hata shilingi moja.

Ukirudi 2.4 kuna faida pia. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la gigahezi 5 halifiki 6, na hilo fupi hudhoofika zaidi likipita kwenye matofali na udongo mnene. Mabati ni kisa kingine. Wimbi likigonga chuma huzimika kabla ya kuingia hata sehemu moja ya mia ya milimita, na sehemu kubwa yake hurudishwa lilikotoka. Nyumba yenye kuta za mabati hupokea mawimbi kupitia madirisha, mlango na mianya tu. Ndani yake, kuisogeza simu hadi dirishani kunaweza kuwa na manufaa kuliko kubadilisha kadi.

Chaneli ndiyo sehemu inayonivutia zaidi, kwa sababu inagusa mpaka moja kwa moja. Ndani ya gigahezi 2.4 chaneli ya 1 iko megahezi 2,412, na kila inayofuata hupanda kwa megahezi 5 hadi ya 13, iliyo 2,472. Ishara moja hukalia upana wa megahezi 20 hivi, kwa hiyo majirani hufunikana sauti kama wachuuzi wa soko la Chwele wanaonadi bega kwa bega. Ndiyo maana mafundi hupenda 1, 6 na 11, ambazo hazigusani.

Lakini si kila nchi inatumia chaneli zote. Vifaa vya soko la Marekani huishia 11. Ulaya, na huku kwetu Kenya na Uganda, zinafika 13. Kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huandikiwa kikomo hicho kwenye kumbukumbu yake ya ndani, na inaendelea kukitii hata ikifika Lwakhakha. Ruta ikiwekwa ijichagulie chaneli, kila inapowashwa upya, tuseme baada ya umeme kupotea, inaweza kuhamia 12 au 13. Hapo laptopu iliyotoka Marekani hupoteza mtandao ambao jana iliushika vizuri, huku ile ya kutoka Uingereza ikiendelea na kazi mezani papo hapo. Fundi asiyejua hili atabadilisha programu mchana kutwa. Anayelijua ataifunga ruta kwenye chaneli ya 6 na kwenda zake.

Linux hubeba hifadhidata ya kanuni za kila nchi. Kenya ni KE, Uganda ni UG, na amri ya iw reg set KE huiambia mashine iko wapi. Amri hiyo husaidia pale ambapo kikomo kiko kwenye programu tu. Kikiwa kimeandikwa ndani ya kadi, huwezi kukipanua.

Kufuli sasa. Ya kwanza, WEP, ilikuja na kiwango cha 1997. Kila pakiti ilichanganywa na namba ya biti 24, yaani namba zisizozidi milioni 17, na katika mtandao wenye shughuli namba hizo huisha na kuanza kurudiwa. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha jinsi ya kuupata ufunguo kwa kusikiliza tu, na kufikia 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliweza kuivunja kwa muda usiofika dakika moja. WPA ya 2003 iliundwa kwa huruma kwa vifaa vya zamani: ilibuniwa iweze kuendeshwa na kadi zilezile za WEP. WPA2 ya 2004 ilileta usimbaji wa AES, na kuanzia 2006 kila kifaa kilichotaka cheti cha Wi-Fi Alliance kililazimika kuwa nayo. WPA3 ikatangazwa 2018.

Simu mpya inaweza kufunga hotispoti kwa WPA3 peke yake, na hapo laptopu ya 2008 itakataa neno la siri hata likiandikwa herufi kwa herufi. Hata hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 huzisumbua baadhi ya draiva za zamani. Chagua WPA2 tupu. Asitokee mtu akakushauri urudi WEP au uache mtandao wazi ili mashine ipite, kwani kwenye hotispoti hiyo kuna M-Pesa yako, barua zako na bando lako.

Hapa ndipo umri wa mfumo wa kompyuta unapoingia. Windows XP ilipata WPA2 kikamilifu katika toleo la SP3 la 2008, lakini Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine ndogo, njia iliyobaki ni Linux. Debian 12 ya 2023 bado inakubali prosesa za biti 32, mlango ambao matoleo mengi mengine yameshaufunga.

Ukiweka Linux, huenda ukakuta kadi ya Broadcom iko kimya. Kwa miaka mingi kampuni hiyo haikutoa draiva ya wazi wala maelezo ya jinsi kadi zake zinavyofanya kazi. Watu wa kujitolea wakajigawa makundi mawili. La kwanza lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika kwa maneno kila ilichofanya. La pili, ambalo halikuigusa draiva hiyo, liliandika mpya kwa kufuata maelezo hayo peke yake, ili asiwepo wa kudai kwamba wameiba. Kazi yao iliingia kwenye kiini cha Linux Juni 2006. Broadcom yenyewe ilitoa draiva ya wazi Septemba 2010. Naihesabu kazi ya wale waliojitolea kuwa miongoni mwa kazi bora za ufundi za miaka ile, na sehemu kubwa ya wanaonufaika nayo hawajui kwamba ilifanyika.

Hata hivyo, kadi hizo bado zinahitaji faili dogo la kampuni ili ziamke, na faili hilo hupatikana kwenye intaneti, ambayo kadi haijaweza kuifikia. Waya wa USB hukata fundo hilo. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa kuchajia unaopitisha data, kisha uwashe USB tethering kwenye simu. Laptopu huiona simu kama kadi ya mtandao: hakuna chaneli, hakuna WPA3, hakuna suala la Marekani au Uingereza. Kwa mashine inayokaa mezani siku zote, mtu anaweza kubaki na waya huo na asihitaji waifai tena.

Kuna kosa moja zaidi ambalo huonekana kama la mtandao ilhali ni la saa. Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi CR2032, inayoilinda tarehe mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikiamini ni mwaka 2005. Tovuti salama huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari hulinganisha na saa ya mashine, huona hati ya mwaka ambao haujafika, na hukataa kufungua ukurasa. Waifai ni nzima, ishara imejaa, lakini eCitizen haifunguki. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri mpya.

Kadi ikiwa imeharibika kweli, hubadilishwa. Laptopu nyingi za kati ya 2006 na 2013 hivi hutumia kadi ya Mini PCI Express, yenye skrubu moja au mbili na nyaya mbili nyembamba za antena zinazopanda hadi kwenye fremu ya kioo. Kioo kikibadilishwa, nyaya hizo wakati mwingine husahaulika bila kuunganishwa, na dalili yake ni mashine inayoona mtandao ikiwa karibu sana na simu tu. Tahadhari ni kwamba baadhi ya ThinkPad na HP hukagua kadi zinapowaka na kukataa isiyo kwenye orodha yao. ThinkPad huandika kosa la 1802 na kusimama. Kwa mashine kama hiyo, kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB hupita bila kuulizwa.

Na kwa anayekwenda Kitale au Bungoma kununua laptopu ya mtumba leo, maswali ya kumuuliza muuzaji ni machache. Kadi ina herufi gani: kuna a au ac, au ni b/g/n tu? Iliuzwa kwanza nchi gani? Saa inabaki sawa ukichomoa betri kubwa na chaja? Kisha ufungue hotispoti ya simu yako mwenyewe, kwenye 2.4 halafu kwenye 5, ukiwa bado dukani na pesa zikiwa bado mfukoni.