Seng'enge Imelegea? Anza na Nguzo ya Kona

Uzio wa seng'enge unapolegea, jicho la mfugaji hukimbilia waya. Anauona umebonyea, ndama wameshajifunza kupenyeza vichwa kufuata majani ya jirani, basi anaazima winchi ya mkono na kuuvuta. Kufikia jioni uzio umenyooka. Mvua za masika zikipita, umelegea tena, na lawama zote zinamwangukia mwenye duka kwamba siku hizi anauza waya hafifu. Mimi nasema waya huo mara nyingi hauna kosa. Kilichosogea ni nguzo ya kona, na winchi haikufanya kazi ila kuuficha ugonjwa kwa msimu mmoja.

Hesabu yake ni fupi. Chukua waya mgumu usio na miba, wenye unene wa milimita 2.5, uliovutwa umbali wa mita 100 kwa mkazo wa kilo 150, ambao ni mkazo wa kawaida kwa waya wa aina hiyo. Chuma hicho kinarefuka kwa takriban sentimita 15 tu. Mkazo wote umo ndani ya sentimita hizo 15. Kona ikiinamia upande wa uzio kwa sentimita 5, theluthi moja ya mkazo imekwenda. Ikiinama 15, hakuna kilichobaki. Joto nalo hulegeza, ila kwa uchache: waya ukipata moto kwa nyuzi 20 zaidi kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana, mita hizo 100 huongezeka milimita 24 hivi, kisha usiku zinarudi. Nguzo iliyoinama hairudi.

Kwa nini iiname? Nyaya 5 zenye mkazo huo huivuta kona kwa jumla ya kilo 750, zaidi ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa Friesian, mchana na usiku, mwaka mzima. Sehemu nyingi za Laikipia na kule Athi River nguzo hiyo imesimama kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi, kwa hiyo kila msimu shimo lake linalegea. Ikiwa ni ya mkaratusi usiotiwa dawa, mchwa na uozo huila pale pale usawa wa ardhi, mahali ambapo nguvu inahitajika zaidi.

Nguzo moja peke yake haiwezi kustahimili hayo. Inahitaji mwenzake, nguzo ya pili yenye nguvu kama yake, mita 2 hadi 2.5 ndani ya mstari wa uzio. Kati yao, karibu na ncha za juu, laza gogo linalobana barabara. Kisha funga waya wa mshazari, uzungushe mara mbili, na uusokote kwa kijiti mpaka ukaze. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Mshazari hushuka kutoka juu ya nguzo ya pili hadi chini ya nguzo ya kona. Uzio unaivuta kona, kona inalisukuma gogo, gogo linaisukuma nguzo ya pili kichwani, na mshazari ndio unaokizuia kichwa hicho kisiende. Ukiufunga kinyume, kutoka juu ya kona hadi chini ya nguzo ya pili, waya huo hauzuii kitu. Nimeona nyua nzuri, za waya wa bei, zimelala kwa sababu ya kosa hili moja, na inaniuma kwa kuwa kulirekebisha hakuhitaji zaidi ya mita chache za waya na nusu saa.

Kona ikishasimama, winchi ina kazi. Ile ya mnyororo ina wenzo, ndoano zinazopanda pete kwa pete, na taya mbili zinazoung'ata waya. Jina kubwa katika zana hizi ni la Ernest Hayes, Mwingereza aliyehamia New Zealand na kuanza kuunda zana za shamba huko Oturehua mwaka 1895. Mkewe Hannah alizunguka mashamba kwa baiskeli akitafuta wateja. Kuna pia koleo la kukunja, linaloufinya waya uwe na vikunjo vidogo ili ufupike. Linafaa kwa ulegevu mdogo wa seng'enge kuukuu, lakini vikunjo hivyo hunyooka vikivutwa sana.

Kabla ya kuvuta, tembea uzio wote ukiangalia misumari ya U. Iliyopigwa hadi ikaubana waya kwenye nguzo ing'oe kidogo. Waya lazima uteleze ndani yake, la sivyo utakaza hatua ishirini za kwanza na kwingine kubaki vile vile. Tena msumari uliobana huchubua zinki, na kutu huanzia hapo. Kata mahali palipolegea zaidi, shika kila upande kwa taya, vuta, kisha unga kwa fundo la nane. Waya uliokwisha liwa na kutu usiukaze. Ubadilishe.

Kipimo cha mkazo unacho nyumbani. Jaza maji dumu la lita 5, ulitundike katikati ya nguzo mbili zilizoachana mita 4. Waya ukishuka sentimita 3 hivi kutoka ulipokuwa, mkazo ni kama kilo 150. Ukishuka 10, ni kilo 50 tu. Seng'enge ya chuma laini usiifikishe kilo 150. Ikivutwa kupita kiasi hurefuka moja kwa moja, na siku nyingine haina tena cha kutoa. Inyooke, iwe imara, uiache.

Vaa glavu nene na miwani ya kukinga macho, na usisimame kwenye mstari wa waya unaovutwa. Ukikatika hurudi nyuma ukijikunja, miba na yote, kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kukwepa. Watoto wakae mbali. Na kamwe usivute kwa trekta au gari, maana mkono ulioshika wenzo unahisi waya unapoelekea kushindwa, lakini mguu ulio juu ya pedali hauhisi.

Ukimaliza waya wa mwisho, lirudishe dumu kwenye ule wa kwanza. Ikiwa sasa unashuka zaidi ya ulivyoshuka mwanzo, kona imesogea wakati unakaza nyaya nyingine. Legeza zote, shindilia udongo wa shimo tabaka kwa tabaka, sokota mshazari upya, ndipo uanze kuvuta tena. Kila fundo liachie mkia wa waya wa kutosha kushikwa na taya, kwa sababu baada ya masika ya kwanza utahitaji kupita tena na dumu lako.