Nunua Breki Kwanza, Mse

Ingia beis yoyote ya gemu Eastlando, iwe Umoja, Kayole ama Dandora, form utapata ni moja: mpira. Wasee wamebanana kwa benchi, padi zimeisha raba, mwenye beis anachukua mbao zake kila mechi ikiisha. Ukimshow unadai kuresi anakuwekea Need for Speed, unagonga ukuta, mbogi inacheka, mnarudi kwa mpira. Wengi walimalizana na ndai za gemu hapo. Na siwezi walaumu, ju kuresi na padi ni ka kumanga mutura ukiwa umevaa glavu.

Simuleta ni mambo ingine kabisa. Hakuna nitro, hakuna karao wa kukufukuza na helikopta. Tairi zinaanza zikiwa baridi na zinateleza, mafuta ikipungua ndai inakuwa nyepesi na inakaa tofauti kwa kona, na huyo ako mbele yako si kompyuta. Ni mtu ako kwa keja yake Helsinki ama São Paulo, ametoka wira, ameosha vyombo, sai amekaa nyuma ya stering anataka kukumaliza.

Sasa tubonge ganji, ju hapa ndio vijana huoshwa. Fungua YouTube dakika mbili na utaambiwa bila stering ya Fanatec, Moza ama Simucube wewe si mtu. Hizo wasee huziita DD: stering imefungwa moja kwa moja kwa shafti ya mota, hakuna gia wala mkanda katikati, so kenye tairi inaskia, mkono inaskia. Ni tamu, sikatai. Moza R5 inakupa nguvu ya 5.5 Nm, na kuna zingine zinapita 20, hizo ukigonga ukuta ukiwa bado umeshika, vidole zinakutambua. Logitech G29, ile ilitoka 2015, iko na kaa 2 hivi, na gia zake zinapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Lakini nimeona wasee wakitoa taimu moto na hiyo G29, na wenye DD wako nyuma kabisa wanakula vumbi.

So mtumba ndio form. Ukipata mtu anauza, usitume doo kabla hujaichomeka. Stering ya Logitech ikipata pawa inajizungusha yenyewe mpaka mwisho kushoto, mwisho kulia, alafu inarudi kati. Ikikwama, ama ikisimama ikiwa imepinda, achana nayo. Kanyaga breki polepole ukicheki skrini. Laini ya breki inafaa kupanda bila kushtuka. Ikiruka-ruka, ni vumbi kwa potenshometa ya pedo, na hiyo inatoka na dawa ya kusafisha kontakti, so usiogope, itumie kuangusha bei. Na uchanuke: G27 ni fiti kwa kompyuta lakini PS5 haitaki hata kuiskia. G920 ni ya Xbox na kompyuta. Kuna msee kwetu alinunua G920 ndio acheze Gran Turismo 7 kwa PlayStation. Sai iko juu ya kabati, chini ya suitikesi.

Ukibaki na chapaa, usikimbilie stering kubwa. Peleka kwa breki. Hii ndio kitu nimebishana na watu nayo mpaka usiku. Breki ya bei ya chini inapima umbali: umekanyaga mpaka wapi. Breki ya lodi seli inapima nguvu: umekanyaga na uzito gani. Mguu ya binadamu haijui milimita, inajua nguvu. Ndio maana kwa ndai ya ukweli unaweza funga breki vile vile kila siku bila kucheki chini. Na resi inashindwa hapo, si kwa eksilareta, ju kukanyaga mafuta mpaka mwisho hata mtoto anaweza. Kazi iko kwa kuachilia breki kidogo kidogo ukiingia kona, ndio uzito ubaki kwa tairi za mbele na pua ya ndai ikubali kuingia. Ukiiachilia yote mara moja, pua inainuka, ndai inaenda straight, unasalimia nyasi.

Lakini breki ngumu inataka kiti imesimama. Ukikanyaga ukiwa kwa kiti ya ofisi yenye magurudumu, kiti inarudi nyuma, na wewe unaisindikiza. Rigi za dukani, zile fremu za kushika kiti, stering na pedo, ziko na bei ya pikipiki. Yangu ilitoka Kariobangi Laiti: skweatyubu, mashimo marefu ndio pedo ziweze kusonga mbele na nyuma, na kiti ya Subaru iliyogongwa, tuliyoitoa maspea za Kirinyaga Road. Fundi alichora na choki kwa simiti, akaniambia nikae chini hapo, akapima goti langu na kamba. Akauliza ka ni kiti ya kinyozi. Nikamshow ni ya kuendesha ndai. Akacheki kushoto, akacheki kulia, akauliza ndai iko wapi. Akaiweka welding tu, na mpaka leo haijawahi tingika.

Beis ya kuresi yenye naheshimu ni iRacing. Iko tangu 2008, na dola 13 kwa mwezi ukilipa mwezi kwa mwezi ni pesa, lakini nidhamu iko. Kila mtu anaanza Ruki, haijalishi mathako ni nani. Alafu leseni inapanda D, C, B, A, na haipandi ju umeshinda, inapanda ju umeendesha safi. Ukitoka nje ya lami unahesabiwa pointi 1, ukipoteza ndai 2, ukigongana na mtu vibaya 4. Na hawaulizi ni nani alianza. Mkigongana, nyote mnakula. Mara ya kwanza utaskia umeonewa, utaandika matusi, utataka kuita mashahidi. Alafu utaelewa: inakufunza kumwona fala kabla akufikie. Mtu amezoea kupita Jogoo Road saa moja asubuhi katikati ya nganya mbili tayari ako na hiyo kipaji, anakosa leseni tu.

Ndai ya Ruki ni Mazda MX-5, na kiwanja yenye napenda ni Lime Rock huko Connecticut. Ni fupi, kaa kilomita 2.4 hivi, kona karibu zote ni za kulia, kushoto ni moja tu. Kona ya kwanza inaitwa Big Bend, na hapo ndio watoto hufa. Taa ikizima, ndai zote zinafika na spidi moja, kila mtu anaamini ako na breki poa kuliko wengine. Mi hufunga mapema, nabaki ndani, nacheki. Wiki iliyopita tatu zilienda nyasi zikiwa zimeshikana mikono, nikapita pembeni bila kuguswa. Mbele nikabaki na mse wa Finland. Huyo hakuwa na mchezo. Kila nikichungulia ndani, mlango umefungwa. Lapi ya mwisho nikamwacha apumue, nikabaki nyuma yake urefu wa ndai moja kutoka West Bend, tukateremka Downhill, hapo ndai inakandamizwa chini na mlima na unaweza weka mafuta mapema kuliko venye moyo inataka. Nikatoka na spidi zaidi, nikajificha kwa upepo wake, nikahepa kulia, tukafika laini tukiwa sambamba. Kompyuta ilimpea yeye. Akaniandikia neno moja la shukrani kwa chati. Nililala saa nane.

Shida yetu ni umbali. Seva ziko mbali, na pingi yangu ya Ulaya hucheza hapo milisekunde 150. Maanake ndai unaona kwa skrini si penye iko, ni penye kompyuta inakisia itakuwa. Mkienda bampa kwa bampa, kwako hamjagusana, kwake umemrusha. So ukitoka Nairobi acha nafasi ya ndai moja pembeni. Si uoga, ni hesabu. Na siku zingine hata hesabu haisaidii. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na neti ya nchi mzima ikawa ya kuvuta na kamba. Usijiskie mnyonge lakini. Max Verstappen mwenyewe, Januari 2023, alirushwa nje ya gemu akiwa anaongoza Le Mans ya simuleta ya saa 24, na alichemka ile mbaya.

Ka pingi inakuboo, ingia rali. Huko unashindana na saa, ndai iko kwa mashine yako, umbali wa seva hauna maneno. Na kuna kitu ya kujigamba: Safari Rally iliondoka kwa WRC baada ya 2002, ilifaa kurudi 2020 ikazimwa na Covid, lakini gemu ya WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari ndani. Madere wa dunia walifika Naivasha Juni 2021, Ogier akashinda. Mwenye alikuwa na gemu na stering alikuwa amekula hiyo vumbi miezi tisa kabla yao.

Form basi ni hii. Ka mashine yako ni ya zamani weka Assetto Corsa ya 2014, haisumbui na ofa za Steam huiangusha bei vibaya. Nyita stering ya mtumba, tafuta fundi wa welding, alafu chapaa ya kwanza ikipatikana iende kwa breki. DD itangoja. Na ukiona bendera ya Kenya mbele yako Big Bend, wacha nafasi, nami nitakuachia.