Nani Amsimamie Mpelelezi?

Mwaka 2008 halmashauri ya Poole, Uingereza, iliifuatilia familia moja kwa siri kwa wiki 3, ikitaka kujua kama kweli inaishi karibu na shule iliyomwombea mtoto. Kibali kilitolewa na ofisa wa halmashauri hiyo hiyo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2000. Mwaka 2010 mahakama maalumu iliamua kuwa upelelezi huo haukuwa halali.

Tangu Novemba 2012, kibali cha halmashauri huko England hakifanyi kazi mpaka hakimu akiidhinishe. Ama madiwani, wao hupitia matumizi ya mamlaka hayo angalau mara moja kwa mwaka, lakini hawaamui nani afuatiliwe.

Uislamu nao umekataza tajassus (al-Hujurat, 12). Basi anayedai dharura asiachiwe kujihukumia dharura yake.